Asidi ya Damu na Hesabu Zake

Mtu aliyezaliwa Ujiji, akasomea utabibu mbali na kwao, kisha akajaaliwa kurejea na kuhudumu katika mwambao wa Ziwa Tanganyika hata nywele zikaota mvi, hukusanya elimu ya namna mbili, moja aliyoisoma vitabuni na nyingine aliyofunzwa na wagonjwa. Na katika mambo machache ambayo elimu hizi mbili zilikutana mbele yangu, mara zikasadikiana na mara zikakanushana, hakuna lililonishughulisha kama kuisoma karatasi ya maabara ya mgonjwa ambaye damu yake imezidiwa na asidi. Karatasi yenyewe ni ndogo, aghalabu haina zaidi ya mistari sita au saba ya tarakimu, lakini nimewaona watu wenye shahada wakiitazama kama watazamavyo hirizi, wakaishika tarakimu moja iliyopigiwa mstari mwekundu na kuziacha nyingine zote, ilhali maana ya ile moja imo ndani ya zile zilizoachwa.

Mwili wa binadamu hutengeneza asidi usiku na mchana, kwa kula, kwa kutembea na hata kwa kulala. Sehemu kubwa hutoka kwa pumzi katika sura ya hewa ukaa, sehemu ndogo husukumwa na figo kwenda katika mkojo, na baina ya hizo mbili husimama bikaboneti, chumvi iliyoyeyuka damuni ambayo kazi yake ni kuipunguza asidi makali kabla haijadhuru. Kwa mapatano ya nguvu hizi tatu kipimo cha pH hukaa baina ya 7.35 na 7.45, na bikaboneti hukaa baina ya milimoli 22 na 26 katika kila lita. Ikiwa asidi imetengenezwa kupita kiasi, au bikaboneti imepotea, au figo zimeshindwa kazi, bikaboneti hushuka na pH huifuata. Hiyo ndiyo hali ambayo matabibu huiita asidosisi ya kimetaboliki, na jawabu la kwanza la mwili ni kupumua kwa nguvu na kwa kina ili hewa ukaa itoke kwa wingi. Adolf Kussmaul wa Ujerumani aliieleza pumzi hiyo mwaka 1874, alipowatazama wagonjwa wa kisukari waliokuwa ukingoni mwa mauti. Na zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1995, wachunguzi wa Kilifi katika pwani ya Kenya wakatoa ithibati kwamba mtoto wa malaria aliyepotewa na fahamu, au apumuaye kwa taabu, ndiye wa kukimbiliwa kabla ya wenzake wote. Akina mama wa kwetu hawakuingojea ithibati hiyo. Mama wa Katonga amletapo mwanawe humfunua kanga kifuani, akamwonyesha tabibu mbavu zinavyopanda na kushuka, kabla hajasema neno lolote juu ya homa.

Mwalimu wangu wa kwanza katika ilimu ya karatasi hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa maabara, mzee wa Ujiji mwenye asili ya Manyema, mtu wa maneno machache na kofia safi, ambaye vijana wote wa hospitali tulimwita babu. Siku moja nilikwenda dirishani kwake kwa pupa, nikamwamkia, nikamwuliza bikaboneti ya mgonjwa wangu ni ngapi.

"Mjukuu wangu," akasema, "bikaboneti imeshuka, na hilo pumzi zake zimekwisha kukwambia. Niulize imekwenda wapi."

"Nitajuaje, babu?"

"Kwa chumvi. Lete kalamu."

Akanifundisha hesabu ambayo sijaiacha hata leo. Chukua sodiamu, toa jumla ya kloraidi na bikaboneti, na kinachobaki, ambacho vitabu hukiita pengo la anioni, kwa mtu mwenye siha huwa baina ya 8 na 12. Sababu yake ni kwamba katika damu chaji chanya na chaji hasi hazina budi kulingana. Ni kama boti la Kibirizi, ambalo likielea sawasawa juu ya maji ilhali orodha ya karani inaonyesha abiria wa kushoto kuwa wachache kuliko wa kulia, basi upande wa kushoto wamekaa watu ambao karani hakuwaandika. Pengo likipanuka, wapo waliopanda bila kuandikwa: lakteti ya mwili uliokosa damu ya kutosha, ketoni za kisukari, asidi ambazo figo zilizochoka zimeshindwa kuzitoa, au sumu, kama ile ya gongo lililochanganyika na methanoli, ambalo humpofusha mtu kabla halijamwua. Pengo likibaki lilivyo na bikaboneti imeshuka, hapakuingia mgeni. Bikaboneti yenyewe ndiyo iliyotoka, na kloraidi imeketi mahali pake.

Mwezi wa Mei 2015 somo hilo lilipata ushahidi ambao hakuna aliyeutamani. Makumi ya maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walirundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya milima na maji karibu na mpaka, mahali ambapo hapakuwa na barabara ya gari na msafiri alitegemea ziwa. Vyoo havikutosha, watu wakanywa maji ya ziwa, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ile ile iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa katika zama za Waingereza, iliwachukua wakimbizi kutoka huko na kuwaleta Kigoma, ambako walipokewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kabla mwezi haujaisha wagonjwa walikwisha kukaribia 3,000, na waliofariki walikuwa 30 na ushei.

Asikiaye habari hizi asidhani kwamba damu za watu wote hao zilipimwa. Kipindupindu hakingoji maabara. Mtu aliyelegea, macho yamezama, ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi, na mshipa wa mkono haupatikani kwa kidole, hutiwa maji papo hapo, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake katika muda wa saa tatu, na 30 katika hizo huingia katika nusu saa ya kwanza, hata mtu wa kilo 60 akapokea lita sita. Na kipimo kinachotazamwa kuliko vyote ni ndoo iliyo chini ya kitanda chenye tundu. Tuliowatoa damu ni wale wachache ambao walitiwa maji na hawakuinuka kama wenzao. Mmoja wao, mvuvi wa makamo kutoka vijiji vya kaskazini, karatasi yake naikumbuka kwa kuwa ilikuwa wazi kama mfano wa darasani: sodiamu 134, kloraidi 112, bikaboneti 11. Hesabu ya babu ilitoa 11. Pengo lilikuwa la kawaida, nayo bikaboneti ilikuwa nusu tu ya inavyotakiwa. Hapakuwa na haja ya kutafuta sumu wala sukari. Utumbo ulikuwa umeimwaga bikaboneti ndani ya ndoo.

Lakini lilikuwapo jambo la pili ndani ya karatasi ile ile. Mvuvi yule alikuwa ametiwa maji ya chumvi matupu, kwa kuwa ndiyo yaliyopatikana saa ile, na maji hayo yana kloraidi milimoli 154 katika kila lita, kiasi kipitacho kwa mbali kile cha damu. Yanaokoa maisha, kwa sababu yanaijaza mishipa iliyokauka, na tabibu asiye na mengine atakuwa na hatia akiyazuia; ila hayamrudishii mtu bikaboneti hata chembe, na yakiwa mengi humwongezea asidi ile ile aliyokuja nayo. Alipobadilishiwa Ringa lakteti, ambayo lakteti yake hugeuzwa na ini kuwa bikaboneti, na akaanza kunywa maji ya chumvi na sukari kwa kikombe, pumzi zake zilipungua kina kabla hata damu ya pili haijafika maabara. Wapo walioletwa wamechelewa mno, na kwao pengo nalo lilikuwa limepanuka, kwa maana damu yao ilikuwa imekolea, figo zimesimama na lakteti imepanda. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na asidi za namna mbili kwa wakati mmoja, na maradhi hayana wajibu wa kufuata sura za kitabu.

Hunisikitisha kufikiri ni zamani gani jambo hili lilijulikana. Mwishoni mwa mwaka 1831, kipindupindu kilipoingia kaskazini ya Uingereza, kijana wa Ayalandi aliyeitwa William O'Shaughnessy, ambaye umri wake ulikuwa miaka 22, alichukua damu ya wagonjwa akaipima kwa vifaa vya zama zile, akaona kwamba maji yamepungua, chumvi imepungua, na alkali, yaani ile iipingayo asidi, karibu imetoweka. Mwaka uliofuata Thomas Latta, tabibu wa Leith huko Uskochi, akawatia wagonjwa maji ya chumvi mishipani, na baadhi yao wakafufuka mbele ya macho yake. Kisha wakubwa wa tiba wakalipuuza. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar kipindupindu kilipoiangamiza mwaka 1869 na 1870, na ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1876 alifuatilia nyayo za maradhi hayo katika njia za misafara, aliandika wakati ambapo jawabu lilikuwa limechapishwa London zaidi ya miaka 40 kabla, likalala. Mimi huliona hilo kuwa aibu ya ilimu kubwa kuliko ujinga wenyewe.

Kinyume cha yule mvuvi ni mama mmoja wa Ujiji, muuza mawese, aliyeletwa na wanawe usiku, anatapika, analalamika tumbo, na anapumua kwa kina kama aliyepanda mlima. Wanawe walikuwa na yakini kwamba ni malaria, kwa kuwa kwetu kila kimlazacho mtu ni malaria hata kithibitike vingine, na kipimo cha haraka kilipokana walikasirika. Karatasi ilirudi na sodiamu 130, kloraidi 94, bikaboneti 8. Pengo likawa 28. Kabla ya kutafuta mbali tukapima sukari kwa tone la damu ya kidole, ikawa juu sana, milimoli 27 katika lita, na mkojo ukajaa ketoni.

"Mama yenu ana kisukari," nikawaambia.

"Daktari," akajibu mkubwa wao, "mama huyu hata chai ya sukari hanywi."

Katika karatasi ya mama huyu palikuwa na mtego ambao vijana wengi hunaswa nao. Potasiamu yake ilisoma 5.3, juu kidogo ya kawaida, na mwenzangu mmoja akaona hapo hapana neno. Asidi ikizidi na insulini ikikosekana, potasiamu hutoka ndani ya chembe za mwili na kuja damuni, kisha sehemu kubwa hupotea katika mkojo. Kwa hiyo damu huonyesha utajiri wakati ghala ni tupu. Insulini ikianza kufanya kazi, potasiamu hurejea ndani ya chembe kwa kasi, na moyo usiotayarishwa huweza kusimama. Tukampa maji, insulini kidogo kidogo, na potasiamu ilipoanza kushuka tukamwongezea. Bikaboneti ya chupa hatukumpa. Insulini ilipozuia ketoni kutengenezwa, bikaboneti ilipanda yenyewe, na pengo likafunga siku ya pili, jambo lililonifurahisha kuliko kushuka kwa sukari, kwa sababu sukari huweza kushuka ilhali asidi bado ipo.

Nisemapo kwamba tarakimu ya kawaida huweza kuwa ya hatari, wasikilizaji hudhani ninatafuta ajabu. Mtoto mmoja aliletwa kutoka upande wa Uvinza na malaria kali. Bikaboneti yake ilikuwa 10 na lakteti 9, ilhali 5 inatosha kumhesabu mtu miongoni mwa walio mahututi. Palikuwapo wakati ule mashine ndogo ya kupima gesi za damu, nayo ikaandika hewa ukaa 38. Mipaka ya afya ni 35 hadi 45, kwa hiyo mashine haikupiga mstari wowote mwekundu. Lakini ipo kanuni iliyotolewa na Winters na wenzake mwaka 1967: zidisha bikaboneti kwa moja na nusu, ongeza 8, na hicho ndicho kiasi cha hewa ukaa kinachopasa kuonekana kwa mtu ambaye mapafu yake yanajitetea ipasavyo, ikipungua au kuzidi kwa 2. Kwa mtoto yule ilipasa kuwa 23. Kwa 23 pH yake ingekuwa karibu 7.26, kwa 38 ilikuwa 7.04. Maana yake ni kwamba pumzi zilikuwa zimechoka, na utulivu ambao mama yake aliushukuru, akidhani mwanawe amepata usingizi, ulikuwa wa mtu anayeshindwa. Tulipotafuta sababu tukakuta sukari ya damu imeshuka hadi 1.6. Akatiwa sukari mshipani, akasaidiwa kupumua kwa mfuko wa mkono, akapewa artesuneti, dawa ya malaria, na damu, na alfajiri akaomba maji.

Mji wa Copenhagen ulijifunza jambo hilo hilo kwa msiba mkubwa mwaka 1952, polio ilipowapooza watu misuli ya kupumulia. Maabara ilionyesha bikaboneti imepanda, na matabibu wakadhani damu za wagonjwa zimekosa asidi kwa sababu isiyojulikana. Tabibu Bjørn Ibsen ndiye aliyewaambia kwamba bikaboneti imepanda kwa kuwa hewa ukaa imekosa pa kutokea, na kwamba damu hizo zimejaa asidi. pH ilipopimwa ikamsadiki, na wanafunzi wa tiba wapatao 1,500 wakapokezana kuwapumulisha wagonjwa kwa mikono. Tarakimu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Iliyokosewa ni tafsiri.

Sasa mtu aweza kusema: mvuvi alikuwa na asidi, mtoto alikuwa na asidi, na mvuvi aliokolewa kwa maji mengi ya haraka, kwa nini mtoto naye asimiminiwe? Swali hilo liliulizwa kwa dhati katika hospitali za Kilifi nchini Kenya, za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na ya Teule, Muheza, hapa kwetu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 chini ya uongozi wa Kathryn Maitland. Watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni waligawanywa, wengine wakamiminiwa maji kwa haraka na wengine wasimiminiwe. Hawakuhesabiwa humo wenye kuharisha, kwa kuwa hao haja yao ya maji inajulikana. Baada ya saa 48 walikufa karibu 11 katika kila 100 ya waliomiminiwa, na 7 katika kila 100 ya wasiomiminiwa. Matabibu wengi hawakuamini, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosoma taarifa ile mara mbili. Hesabu hizo ziliporejewa mwaka 2019, ilionekana kwamba maji yale yaliipunguza damu nguvu, yakaongeza kloraidi na asidi, na kuyalemea mapafu na ubongo. Lakteti ya mtoto wa malaria inatokana kwa sehemu kubwa na vimelea vinavyoziba mishipa midogo na upungufu wa damu, wala si ukame wa mwili. Dawa yake ni artesuneti na, inapohitajika, damu. Bikaboneti ya 10 haikuwa na habari yoyote ya tofauti hii. Pengo, lakteti, rangi ya viganja na ndoo ndivyo vilivyokuwa nayo.

Hata pengo lenyewe hudanganya. Mgonjwa wa kisukari aliyetapika siku nyingi huweza kuleta sodiamu 138, kloraidi 88 na bikaboneti 24, akapokewa kama mzima, kumbe pengo lake ni 26: kutapika kumempandisha bikaboneti kwa mkono mmoja na ketoni zimemshusha kwa mkono mwingine. Mtu aliyedhoofika kwa njaa, kama wengi waliotushukia bandarini, ana albumini ndogo, na albumini ni sehemu kubwa ya wale wasioandikwa. Ikiwa ni gramu 20 mahali pa 40, pengo lake la 11 lapasa kusomwa kama 16, kwa kuongeza 2.5 kwa kila gramu 10 zilizopungua.

Na juu ya haya yote ipo damu iliyoharibika kabla ya kupimwa. Katika zahanati moja ya mwambao damu ilitolewa asubuhi, ikaachwa katika chupa iliyojaa robo na isiyozibwa sawasawa, ikangoja boti hata jua likapinda. Bikaboneti ilisoma chini, kwa kuwa hewa ukaa iliponyoka. Lakteti ilisoma juu, kwa kuwa chembe za damu ziliendelea kula sukari ndani ya chupa. Potasiamu ilisoma juu sana, kwa kuwa chembe zilipasuka njiani. Mwenye damu hiyo alikuwa amekaa benchi akila muhogo wa kuchoma, anapumua mara 16 kwa dakika.

Nawaomba basi vijana wanaoshika kazi hii katika hospitali ya Maweni, Kasulu, Uvinza na katika zahanati zote zinazofikiwa kwa maji: jazeni chupa na kuiziba, msifunge mkono kwa mpira muda mrefu, na mwandike juu ya fomu saa damu ilipotolewa. Msiombe sodiamu bila kloraidi, kwani bila ya hiyo pengo halihesabiki. Na kabla ya kuandika fomu yenyewe, fungueni kanga, tazameni saa, mhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, na idadi hiyo muiandike pale pale juu ya karatasi, ili fundi wa maabara naye aione.